Wakubwa Huonja Kwanza

Nchi ninayowasimulia si yenu, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Jina lake haliruhusiwi kutajwa na mtu aliyekaa, nami naandika nimekaa kitako kwenye benchi la wodi. Mkiona imefanana na ya kwenu, laumuni macho yenu, msinilaumu mimi.

Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina bendera, na ina Mtukufu Kinara, ambaye ndiye mlima na ndiye bendera.

Zamani kulikuwa na kichaka kilichoota ovyo kila mahali, nyuma ya vyoo, kando ya mitaro, hata makaburini. Tulikiita mchekambuzi, kwa sababu mbuzi akikitafuna hukunja midomo kama anayecheka. Hakuna mtu aliyekijali. Kisha siku moja, kwenye mkutano wa hadhara, makofi yalikoma kabla Mtukufu hajakaa, na moyo wake ukaruka. Waganga waliletwa kwa ndege, wakaondoka kwa ndege. Mwishowe mtaalamu mmoja alikamua mchekambuzi, akachuja dondoo lake, akamnywesha, moyo ukatulia. Ikagundulika kwamba kichaka kile hukinga moyo usiharibike.

Kesho yake askari wakapita nyumba kwa nyumba na majembe. Kila mchekambuzi uling'olewa ukapelekwa Bustani ya Taifa, nyuma ya ukuta. Kwetu waling'oa na mchicha, kwa tahadhari. Kichaka kikapewa jina jipya, Mti wa Mtukufu, na mbuzi wakapewa muda wa kusahau ladha yake.

Redio ikatangaza: "Dondoo litagawiwa bure kwa kila mwananchi ambaye moyo wake umo hatarini." Tulishangilia. Mimi nilishangilia kuliko wote, maana nilikuwa na sababu.

*

Sababu yangu inaitwa Tunu. Ana miaka sita na saratani ya damu.

Daktari wetu, Dakta Selemba, ni mtu mrefu aliyepinda kidogo mgongo kwa kuinamia vitanda vifupi. Aliniita pembeni siku Tunu alipotundikiwa dripu ya dawa nyekundu kwa mara ya kwanza.

"Mama Tunu, dawa hii ni kali. Inaua ugonjwa, lakini ikipita moyoni inaukwangua kama mtu anayekwangua sufuria. Wa mtu mzima huvumilia. Wa huyu..." Akakunja ngumi ya Tunu ndani ya kiganja chake, ikapotea. "Wa huyu ni hivi tu. Nataka apate kijiko kimoja cha dondoo kabla ya kila dripu. Moyo utakingwa."

"Na asipopata?"

"Tutamponya damu, tumpoteze kwa moyo."

"Nikitafuta majani nikachemsha mwenyewe?"

"Majani yana sumu, yatamharibia figo. Ni dondoo tu, lililochujwa kiwandani. Chupa moja inamtosha matibabu yote, mama. Chupa moja tu."

Chupa moja. Nikajiambia, serikali yenye mlima mzima haiwezi kushindwa na chupa moja.

*

Hapa lazima nieleze mila yetu, maana bila hiyo mtadhani viongozi wetu ni wachoyo, na mimi sitaki wadhaniwe hivyo.

Kwetu, anayemkaribisha mgeni kinywaji hukionja kwanza. Bibi yangu alikuwa akigusa uji kwa ncha ya ulimi mbele ya mgeni, kisha anamkabidhi kata ya uji kwa mikono miwili. Maana yake: kunywa bila wasiwasi, kama kuna ubaya umeanzia kwangu. Ni mila ya upole.

Serikali yetu inapenda sana mila. Waziri wa Mioyo ya Taifa, Mheshimiwa Mafunda, alisimama uwanjani siku ya uzinduzi, jasho likimtoka kwa uzalendo.

"Ndugu wananchi," alisema, "tuseme dondoo hili lina ubaya. Nani aanze kufa? Mtoto mchanga? Mjane? Hapana. Aanze Waziri. Niko tayari. Na mimi nikisalimika, afuate Katibu Mkuu, naye yuko tayari, ingawa hajaambiwa. Tutajitoa mhanga kutoka juu mpaka chini, chupa kwa chupa, mpaka dawa imfikie mwananchi ikiwa haina shaka yoyote."

Watu walilia. Nami nililia.

Sasa, serikali haionji kwa ncha ya ulimi. Hiyo ni kuidharau ofisi. Kila mkubwa huonja kwa kipimo cha cheo chake: Waziri bilauri, Katibu Mkuu kikombe, Mkuu wa Mkoa kikombe kilichokatika mkono, Mkuu wa Wilaya kifuniko cha chupa ya chai, na Mtendaji wa Kata, ambaye ni mtu mdogo, hulamba kizibo.

Chupa ya Tunu ilifika kwa bendi. Tarumbeta mbele, ngoma nyuma, na katikati Bwana Chogo, Mtendaji wetu, ameibeba kwa mikono miwili kama anayepeleka mahari.

"Mama Tunu, pokea dawa ya mwanao."

Niliipokea. Nikaitikisa. Nikaielekeza kwenye jua.

"Bwana Mtendaji, haina kitu."

"Haina kitu kibaya," alinirekebisha. "Ndiyo maana ya uonjaji."

"Haina hata tone."

"Mama, wewe umesoma?"

"Nasoma. Madarasa ya jioni."

"Ndiyo shida yenyewe. Anayesoma jioni anaona nusu." Wapiga ngoma wakacheka. "Wakubwa watano wameonja chupa hii na hakuna aliyekufa. Tangu uzaliwe hujapewa kitu salama namna hii."

Nilipompelekea Dakta Selemba chupa ile, aliisuuza kwa maji safi kidogo, akayatikisa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akampa Tunu yale masuuzo kwa kijiko. Kisha akafungulia dripu.

*

Nililalamika. Serikali yetu ni sikivu, ikasikia: chupa ikaongezwa ukubwa. Lakini chupa kubwa ina hatari kubwa, kwa hiyo na waonjaji wakaongezwa. Akaingia Naibu Waziri, wakaingia wasaidizi, akaingia mpiga picha wa Waziri. Akaingia na dereva, maana ilielezwa kwamba moyo wa dereva ndio unaobeba moyo wa Waziri barabarani.

Matokeo yalionekana upesi. Mawaziri walianza kupanda ngazi kwa mbio. Spika, mzee wa watu, ambaye alikuwa ameshaandika wosia, aliuchana akaoa. Hakuna aliyestaafu, hakuna aliyezimia, hakuna aliyekufa. Bendi ya mazishi ya kitaifa ilikaa bila kazi mpaka ikapangiwa nyingine, ile ya kusindikiza chupa, na ndiyo maana chupa zilikuja na tarumbeta za huzuni. Mazishi yaliyobaki nchini yalikuwa ya kwetu, yale madogo ya kubebwa na mtu mmoja mikononi, na hayo hayana haja ya bendi.

Chupa ya pili ya Tunu ilikuja kubwa na nzuri, tupu. Ikaja dripu nyingine. Tunu akaanza kupumzika njiani akienda bombani, eti anahesabu mawe. Nilimwacha ahesabu.

*

Madarasa yetu ya jioni hufanyika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Somo la Uraia hufundishwa na Mwalimu Kivuma, mtu anayeamini kila alichokikariri. Jioni ile alikuwa anatukaririsha Sheria ya Uonjaji: hakuna mdogo atakayeonja kabla ya mkubwa.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na mkubwa akikuta mdogo keshaonja?"

"Haiwezi kutokea."

"Ikitokea."

"Mama Tunu, swali gani hilo? Mkubwa hali makombo. Nyumbani kwako, mumeo anakula alichobakiza mtoto?"

"Hali, hata akiwa na njaa. Nakula mimi."

"Wewe ni mama. Mama hana ukubwa wa kuvunjika."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini neno lile la makombo niliondoka nalo, nikalala nalo, nikaamka nalo.

*

Siku chupa yetu ya tatu ilipotolewa, nilikuwa kwenye lango la kiwanda, Tunu mgongoni. Jukwaa lilikuwa limepambwa. Mheshimiwa Mafunda alikuwa ameshika bilauri yake, na nyuma yake mlolongo wa vyeo, kila mmoja na chombo chake, kama watoto wa shule siku ya uji. Chupa ilitoka imelazwa juu ya mto mwekundu, imekwisha kuzibuliwa, maana Waziri hapendi kusubiri. Aliyebeba alikuwa askari mwanamke.

"Afande," nilimwambia, "mtoto anaomba aishike kidogo. Ni yake."

"Aishike, asiidondoshe."

Tunu nilikuwa nimemfundisha njiani. Aliishika kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akameza, akakunja midomo kama mbuzi.

Muziki ulikatika. Bilauri ya Waziri ikabaki hewani.

"Nani amekunywa?"

"Mtoto, Mheshimiwa," alisema afande.

"Mtoto wa nani?"

Niliona jinsi walivyosubiri nitaje jina kubwa. Wangeshukuru.

"Wangu," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mama yake."

Mheshimiwa Mafunda alichungulia ndani ya chupa kama mtu anayechungulia kisima alichotumbukia ndugu yake. Midomo ilitaka, cheo kilikataa.

"Tuipanguse mdomo, Mheshimiwa," alinong'ona Katibu Mkuu.

"Utapangusa na ndani?"

"Kama hamyataki makombo," nikasema, "nipeni mimi. Nimeyazoea."

Hawakunipa. Ilitangazwa kuwa ni Chupa Yenye Utata, ikafungiwa chumbani, ikawekewa walinzi, na Baraza la Mawaziri likaitwa.

Nasikia Baraza lilibishana sana. Wakimpa mtoto chupa yake, kesho lango litajaa akina mama na watoto mgongoni. Wakiinywa, watakuwa wamekula makombo ya kabwela. Wengine walishauri imwagwe, lakini wazo hilo liliwaumiza mioyo, na mioyo yao ilikuwa mali ya taifa. Mwishowe alisimama Mheshimiwa Mafunda na kusema maneno ambayo sasa yamechongwa kwenye lango la kiwanda: "Kama kinywa cha juu hakiwezi kushuka, cha chini kipandishwe."

Basi mwanangu akateuliwa kuwa Mwonjaji Mkuu wa Taifa, cheo kilicho chini ya Mtukufu peke yake. Alivishwa kofia yenye nyuzi za dhahabu. Ilimshuka mpaka puani, maana nywele za kuizuia zilikuwa zimekwisha pukutika. Tangu siku hiyo hakuna chupa itakayoonjwa na yeyote kabla Tunu hajapata kijiko chake. Baada yake wakubwa watakunywa kwa raha, maana makombo ya mkubwa si makombo, ni baraka.

Walikunywa baraka zao papo hapo, tukapiga makofi.

Nisiwadanganye, nilifurahi. Tunu alikuwa na kijiko chake kila dripu. Pumzi ilirudi. Alienda bombani na kurudi akiimba, na yale mawe hakuyahesabu tena. Nilisema nchi yetu ina haki, ila inapenda kuzunguka.

*

Kisha ikaja chupa ya Shomari.

Shomari ana miaka minne na ugonjwa uleule. Kitanda chake kinagusana na chetu. Mama yake na mimi tunachangia beseni, mkeka na mkaa. Yeye ni mtu wa maneno machache, na machache hayo ni makali. Nilipoanza kupigiwa saluti mlangoni aliniambia, "Shoga, usije ukaanza kuonja na uji wetu." Tulicheka.

Uonjaji ulikuwa umesogezwa mpaka wodini, kwa kauli ya serikali kwamba huduma zimfuate mwananchi kitandani. Mheshimiwa Mafunda aliingia na bilauri yake, Katibu na kikombe chake, na wengine wakabanana kwenye korido. Chupa ikawekwa mbele ya Tunu.

"Mheshimiwa Mwonjaji Mkuu," alisema Waziri huku ameinama, "tuanzie."

Tunu aliinua kofia kwa kidole, akaitazama chupa. "Hii ya nani?"

"Ya taifa."

"Imeandikwa Shomari."

Herufi nilimfundisha mimi. Ninachojifunza jioni, asubuhi namwachia yeye.

"Imeandikwa hivyo isije ikapotea njiani," alisema Waziri.

Tunu akanigeukia. Mama Shomari hakunitazama. Alikuwa anakunja shati la mwanawe, na lilikuwa limekunjwa tayari.

Nilijua hesabu ya jambo hilo, haihitaji shule. Tunu akionja, kijiko chake kipo, leo na siku zote, na Shomari atasuuziwa chupa kwa maji safi. Tunu akikataa, kofia inaondoka, na kijiko kinaondoka na kofia. Nilitazama ngumi ya mwanangu juu ya shuka. Ilikuwa ndogo vilevile. Neno "onja" lilikuwa limeshafika mdomoni, limekaa juu ya ulimi. Ningelisema, hakuna ambaye angenilaumu. Mama Shomari mwenyewe asingenilaumu, na hilo ndilo lililonishinda.

"Fanya kama tunavyofanya nyumbani," nikasema. "Nyumbani nani huanza?"

"Mdogo," alisema Tunu.

Akashuka kitandani, chupa ameikumbatia, kofia imemfunika macho, akapapasa hatua chache mpaka kwa Shomari. "Anza wewe," akamwambia. Shomari akanywa. Kidogo kikamwagikia kidevuni, akakilamba. Dakta Selemba aliona ghafla jambo muhimu sana nje ya dirisha.

"Haiwezekani," alisema Mheshimiwa Mafunda. "Huyo hana cheo."

"Hana, Mheshimiwa," nikasema. "Kwa hiyo hayo ni makombo." Nikaichukua chupa mikononi mwa Shomari, nikamkabidhi mama yake. "Na makombo ya mtoto ni ya mama yake. Au mila imebadilishwa leo asubuhi?"

Korido nzima ilimtazama Waziri, vyombo mikononi. Waziri aliigeuza bilauri yake kichwa chini, akampa Katibu.

"Mmelidhalilisha taifa," alisema taratibu, "kwa mate."

*

Hawakuchelewa. Mchana redio ilitangaza kwamba Mwonjaji Mkuu amefutwa kazi kwa kushusha hadhi ya kinywa cha umma. Uonjaji wote umehamishiwa Ikulu, ndani ya ukuta, mahali ambapo mtoto hafiki, na huko kila chupa itaonjwa mpaka shaka ya mwisho iishe. Kisha wakapiga wimbo wa Mti wa Mtukufu, beti zote.

Alikuja mtu kuchukua kofia. Tunu alimpa mwenyewe, akauliza kama atapewa mtoto mwingine. Yule mtu akasema hajui, yeye ni wa kofia tu.

Dripu ya Tunu ilikuwa alasiri ileile. Dakta Selemba alikuja na mfuko mwekundu, akautundika kwenye chuma chake, akasimama. Hakuniuliza kama nina dondoo. Alikuwa anafunga na kufungua kifundo kilekile cha mpira wa dripu.

Mama Shomari akainuka. Alikuja na chupa na kijiko, akakaa ukingoni mwa kitanda chetu bila kukaribishwa.

"Hiyo ni ya Shomari," nikamwambia. "Haiwezi kuwafikisha wawili."

"Itafika itakapofika."

"Daktari alisema chupa moja, mtoto mmoja."

"Daktari amesema mengi, na Waziri naye amesema mengi. Makombo ni yangu, nampa nimtakaye. Mwinue kichwa."

Dakta Selemba akakiacha kifundo. Nilimwinua Tunu, kichwa chake kitupu kikiwa na joto mkononi mwangu. Mama Shomari akajaza kijiko, akakishika vizuri kisimwagike.

Tunu alikitazama kijiko, akautazama mlango, akafunga midomo.

"Mama," alinong'ona kwa kona ya mdomo, "wakubwa hawajaonja."

"Wameonja, mwanangu," nikamwambia. "Tena sana. Fumbua kinywa."